Makatazo ya Donatus

Donatus alikuwa mtu wa kurudia. Akifunga mlango alirudi kuusukuma aone kama umefungwa kweli. Akimaliza kula alimuuliza mkewe Melania kama amekula. Enzi zake za ualimu, wanafunzi walimwita Mwalimu Tena, kwa sababu sentensi ikishaandikwa ubaoni lazima angesema, "Tena!" na darasa zima liisome upya mpaka wa nyuma wasinzie. Mtu wa aina hiyo hachekeshi sana kuishi naye, Melania angekwambia, lakini makanisa ya Masumbwe yalipokubaliana kutafsiri Biblia kwa Kisumbwa, na kukubaliana kwenyewe kulikuwa muujiza, hayakupata wa kuifaa kazi hiyo kuliko yeye.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mlikuwa na meza mbili, betri ya gari iliyochajiwa kwa umeme wa jua, na kompyuta iliyoletwa na mshauri wa tafsiri kutoka Dodoma. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu ya kuchambua maandiko, na Donatus aliipenda hadi Melania akaanza kuulizia habari zake kama anavyoulizia mtu za mke mwenza. Unaiambia: nitafutie kila kishazi chenye kukanusha na kitenzi cha kuamuru. Inaguna kidogo, taa yake inapepesa, kisha inakumwagia vyote, kutoka kitabu cha kwanza hadi cha mwisho, kila kipande cha sentensi na kitenzi chake. Kazi ambayo kwa mikono ingemla mtu masika mazima, yeye aliimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Mwaka huo wa 1998, mvua za El Niño zilipokwisha kutuharibia barabara, mshauri aliandika akitaka makatazo yote yafanane. Kama Kisumbwa kina namna moja ya kumkataza mtu jambo zito na nyingine ya kumkataza mtoto asichezee moto, basi tafsiri ichague moja na ishikamane nayo. Donatus alifurahi kupita kiasi. Aliitafutisha programu makatazo yote ya vitabu vya Sheria, akaweka tafsiri yake pembeni ya kila moja, kisha akachapa. Printa ilipiga kelele mchana kutwa, karatasi zikashuka sakafuni zikiwa zimeungana.

Mzee Stanslaus, mchungaji mstaafu aliyekuwa akisahihisha tafsiri pamoja naye, aliokota ncha ya karatasi akaisoma kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Mwalimu, haya umeyakata vichwa na miguu. Nani anamwambia nani hapa? Na kwa sababu gani?"

"Tunapima vitenzi tu, mzee. Sura nzima nzima tulishasoma mwaka jana."

"Ulisoma mwaka jana kwa watu wa mjini. Hawa unaowapelekea sasa hawajasikia hata moja."

"Watasikia," Donatus akasema, akakunja karatasi zake akazifunga kwenye karia ya baiskeli. Mzee Stanslaus hakuwa mtu wa kubishana, na hapo alikosea, kwa maana siku hiyo ilihitaji mbishi.

Kijiji alichokiendea kesho yake kiliitwa Isagilo, safari ya alfajiri kwa baiskeli. Alikichagua kwa ajili ya mtu mmoja. Mama Jilala alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi usiokopesha. Mwanawe Jilala alikuwa ameondoka zamani kwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo, na binti zake wameolewa mbali, kwa hiyo alibaki na mbuzi wake na Kisumbwa chake. Na Kisumbwa kile! Vijana wa siku hizo walichanganya Kisukuma, Kiswahili na maneno ya machimboni, lakini yeye alisema lugha kama alivyoipokea kwa bibi yake. Donatus akisoma sentensi mbovu, yule mama alikunja uso kama aliyetafuna mchanga katika ugali. "Nani anasema hivyo, baba? Labda ng'ombe." Kisha angempa neno lenyewe, na neno lingekaa mahali pake. Donatus alimpenda kama mama yake mzazi, na alikuwa amemwambia hivyo mbele ya watu.

Macho ya Mama Jilala yalikuwa mekundu. Kuni zilikuwa za kutafuta mbali, naye alipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika kibanda kisicho na dirisha. Wanawake wengi wa Isagilo walikuwa na macho ya namna hiyo. Lakini mwenye mume na wana nyumbani, macho yake ni macho tu. Mjane akiwa nayo, watu huanza kuyatafutia sababu, na miaka ile kwetu vikongwe waliuawa wakidhaniwa wachawi. Tulilijua hilo sote. Donatus alilijua. Asubuhi ile hakulifikiria hata kidogo, na ndilo jambo ambalo hajajisamehe.

Watu walikusanyika mbele ya ghala la pamba la ushirika, wanaume kwenye magunia, wanawake chini kwenye khanga zao. Donatus aliwaeleza utaratibu, maana kazi ile ilikuwa na sheria yake: msomaji anasoma, hafafanui, haoneshi kwa uso lipi ni sahihi. Akishasoma anauliza, "Mmesikia nini?" Wasikilizaji wanasema walichosikia. Wakisikia kingine, kosa ni la tafsiri, si lao.

Alisoma katazo la kuiba, wakalisema. La kusingizia mtu, wakalisema na kucheka, wakimtazama mzee mmoja aliyejulikana kwa maneno. La kusogeza mpaka wa shamba la jirani lilizua ubishi mkubwa. Mama Jilala alikuwa ametengeneza vitenzi kadhaa, na Donatus alikuwa anaandika kwa raha, jasho linamtoka, haoni mtu ila karatasi.

Kisha akafikia lile la kitabu cha Kutoka kuhusu mwanamke mchawi.

Akasoma. "Mmesikia nini?"

Wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Kwamba mwanamke wa namna hiyo ahamishwe. Asikae na wenzake."

Wengine wakaitikia kuwa ndivyo walivyosikia. Mama Jilala akatikisa kichwa.

"Maneno yako yamelegea, baba. Hivyo ni kumwambia mtu aondoke kwenye nyumba ya kupanga. Huko kwenye kitabu anaondoka, au anakufa?"

Sheria ilimkataza Donatus kujibu. Lakini alikuwa mwalimu, na mwanafunzi wake bora alikuwa amelikaribia jibu. Akatabasamu.

"Basi sema hivi," akasema Mama Jilala, akampa neno ambalo wafugaji hulitumia kwa mnyama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, ambaye haachwi na pumzi hata akiwa mzuri namna gani. Lilikuwa neno fupi, safi, lisiloweza kueleweka vingine.

"Hapo sawa!" Donatus akasema kwa sauti. Akaliandika, akasoma sentensi upya. "Tena. Mmesikia nini?"

Safari hii hakujibu mwanamke. Alijibu Maganga. Maganga alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, pale Isagilo, mtu mpole kwa kawaida, fundi wa kushona viatu. Katika mvua zile alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa homa, wa pili akifuata kaburi la wa kwanza kabla udongo haujakauka. Tangu hapo alikuwa haongei. Sasa alisimama akairudia sentensi yote, neno kwa neno, polepole, na alipoimaliza hakumtazama Donatus. Alimtazama Mama Jilala.

Hakuna aliyecheka. Donatus akaandika kwamba imeeleweka, akaenda kwenye katazo lililofuata. Watu walijibu kwa mkato, mmoja mmoja akaanza kunyanyuka, huyu ana ng'ombe, yule ana mtoto. Kabla hajamaliza ukurasa alikuwa amebaki na wazee wachache na Mama Jilala. Akakunja karatasi zake, akaaga, akapanda baiskeli akiwa ameridhika.

Alikuwa amekwishavuka mto, anasukuma baiskeli kwenye mchanga, aliposikia filimbi. Filimbi ya sungusungu hupulizwa mwizi anapoonekana au ng'ombe wanapopotea, na mara nyingi haimhusu msafiri. Donatus akasimama. Akauona uso wa Maganga. Akamwona Mama Jilala akimpa lile neno, na yeye mwenyewe akiliandika, akisema hapo sawa. Mtu aliyezoea kurudi kuusukuma mlango wake alikuwa ameacha huu wazi akaondoka. Akageuza baiskeli, akapanda, akaukanyaga ule mchanga kama mwendawazimu.

Njiani alikutana na watu wa Isagilo waliokuwa wamekaa naye asubuhi. Walimsalimu vizuri. Akawauliza filimbi ni ya nini, wakasema hawajui, na walisema hivyo wote kwa maneno yaleyale.

Alimkuta Mama Jilala nyumbani kwake, ameketi kizingitini, chungu mikononi, moto haujawashwa. Mwanamke wa jirani alipita njia ya nyuma ya nyumba. "Mwadila," Mama Jilala akamsalimu, salamu ya mchana ya Kisukuma ambayo Isagilo wote waliitumia. Yule mwanamke akapita kana kwamba kimelia kizingiti. Kwetu sungusungu hawaanzi na rungu. Wanaanza kwa kumnyima mtu salamu, kisha moto wa kuwashia, kisha maji ya kisimani. Akishanyimwa hivyo vyote, anakuwa kama amekwishakufa, na kinachobaki ni kumalizia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Mama, tuondoke. Nimekuja kukuchukua."

"Niondoke niende wapi?"

"Popote. Kwangu. Sasa hivi."

Mama Jilala akaweka chungu chini. "Nimeomba kijinga cha moto nyumba tatu, wamenikatalia. Najua kilichopo, baba, usinieleze kama mtoto. Lakini nikikimbia nitakuwa nimekubali. Watasema si mnaona, amekimbia. Na Jilala akirudi ataitwa mtoto wa mchawi mpaka azeeke. Mimi sikimbii."

"Watakuua."

"Neno nimewapa mwenyewe," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alilisema kama anayesema mvua imenyesha, na Donatus akatamani mama huyo ampige yeye kofi kuliko kusema hivyo.

Akamwacha, akaenda ghalani. Sungusungu walikuwa hapo na marungu yao na pinde, wengine vijana aliowafundisha kusoma. Maganga alikuwa ameketi kwenye gunia. Donatus alikuwa anaogopa, na hakujaribu kuficha.

"Kamanda, nimerudi kusahihisha. Asubuhi sikusoma kila kitu."

"Ulichosoma kilitosha, mwalimu."

"Hakikutosha. Yale nilikuwa nimeyakata kutoka mahali pake. Waliambiwa watu wengine, zamani, wenye mahakama zao na mashahidi wao. Mimi nilikuwa napima vitenzi tu."

"Vitenzi," Maganga akarudia. "Nikuulize jambo moja, unijibu kama mwalimu. Lile ulilosoma ni neno la Mungu, au si neno la Mungu?"

Wote wakamgeukia. Donatus alijua kwamba akisema silo, miaka yake yote ya kazi na kitabu chenyewe vitakwenda na maji, na hakuna mtu wa Isagilo atakayesikiliza tena mstari hata mmoja. Akisema ndilo, amemkabidhi yule mama.

"Limo kitabuni," akasema. "Na hili nalo limo, sura hiyohiyo, chini yake kidogo tu. Lilikuwa kwenye ukurasa ambao hamkuungoja." Akafungua zile karatasi, zikamwagika hadi chini, akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti ya darasani katazo la kumtesa mjane na yatima, na ghadhabu iliyoahidiwa kwa mtu atakayethubutu. "Mmesikia nini?"

Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kwamba mjane asiguswe."

"Tena!"

"Mjane asiguswe," wakasema watatu wanne.

Donatus akavuta pumzi. Alidhani amefika. Maganga akasimama, akamkaribia mpaka wakawa wanatazamana.

"Na mchawi akiwa mjane?"

Karatasi zilikuwa pale miguuni. Programu yake ingeweza kumletea kila mjane na kila mchawi wa kitabu kizima kabla hajamaliza kupiga chafya, lakini jibu la swali lile haikuwa nalo, wala yeye hakuwa nalo. Alimtazama Maganga akaona kwamba yule mtu haulizi ili amshinde. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa anataka kuambiwa nani amemuulia watoto wake.

"Sijui, Maganga," akasema. "Watoto wako waliuawa na homa. Wa dada yangu pia alikufa mvua zilezile, huko Masumbwe, ambako huyu mama hajakanyaga. Nani alimuua? Sijui kitu kingine cha kukwambia."

Kidevu cha Maganga kilikuwa kinacheza.

"Ninalolijua ni hili. Mama Jilala ni mfanyakazi wa ofisi yetu. Kazi yake haijaisha. Nimemfuata aje aimalize Masumbwe, na nampitisha hapa mbele yenu, mchana huu, kwenye baiskeli yangu. Hakimbii. Anaitwa kazini. Mwenye neno na aseme sasa."

Ulikuwa uongo kwa sehemu kubwa, maana ofisi haikuwa na mpango huo na Mzee Stanslaus hakujua lolote. Lakini ulikuwa uongo wenye mlango pande zote mbili: mama angeweza kutoka bila kukubali kosa, na Maganga angeweza kumwacha atoke bila kushindwa mbele ya vijana wake. Maganga aliuelewa mara moja. Akakaa tena kwenye gunia lake.

"Mchukue," akasema. "Lakini jua likizama akiwa hapa, usiniulize."

Mama Jilala alikubali kwa sababu ya lile neno kazini. Alimuuliza mara mbili kama amelisema mbele ya watu wote, na Donatus akamwambia mbele ya wote. Akafunga khanga, akawafungulia mbuzi wake waende watakako, akapanda kwenye karia. Walipita ghalani polepole, kwa sababu yeye mwenyewe alimkataza Donatus asikanyage kwa haraka. Sungusungu walikuwa wamesimama pande mbili za njia. Alimsalimu kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake. Hakuna aliyeitika. Donatus alikuwa anasubiri rungu la kisogoni hadi walipofika mtoni, na alipovuka alishuka akatapika.

Siku chache baadaye Jilala alifika kutoka Mwakitolyo, vumbi la machimbo bado kwenye nyusi, akasema nyumba ya mama yake imechomwa. Alitaka kwenda Isagilo na panga. Mama yake alimshika shati hadi likachanika, akamwambia anaye mwana mmoja tu. Jilala alilia ofisini mbele ya kompyuta, mwanaume mzima, kisha akarudi shimoni. Aliyechoma hakutajwa. Maganga, wanasema, aliendelea kushona viatu.

Mama Jilala akaishi kwa Donatus. Melania alimpa chumba, akampa jiko la mkaa, na macho yake yakaanza kupungua wekundu. Kila asubuhi alikwenda ofisini, kwa kuwa alikuwa ameitwa kazini naye alilichukulia hilo kwa uzito. Alikaa kwenye kiti kando ya printa, mikono mapajani. Donatus alirudi kusoma sura nzima nzima, kuanzia mwanzo, huku akimtazama usoni kila mstari.

"Mmesikia nini, mama?"

"Nimesikia vizuri, baba. Ni sawa."

Akasoma mwingine. Ni sawa. Mwingine, ambao alijua fika kitenzi chake ni cha Kisukuma. Ni sawa, baba. Mzee Stanslaus akainua kichwa kutoka kwenye meza yake. Ikapita wiki, ikapita nyingine, na Donatus hakupata hata sahihisho moja. Aliporudi nyumbani jioni alimsikia yule mama akizungumza na Melania jikoni, akicheka hata, Kisumbwa kile kinamtoka kimenyooka. Ofisini alikuwa na maneno mawili.

Asubuhi moja Donatus akashindwa kuvumilia. Akashika karatasi kana kwamba anasoma, akatunga palepale sentensi ya kipuuzi kuliko zote alizowahi kusema maishani mwake: kwamba mchungaji mwema, kondoo wake mmoja alipopotea, aliwakabidhi waliobaki kwa fisi akaenda kulala. Vitenzi alivivunja makusudi. Akamaliza, akangoja akunje uso, akangoja amwambie hivyo anasema ng'ombe.

Mama Jilala alitazama karatasi, kisha kalamu iliyokuwa mkononi mwa Donatus, kisha ukutani.

"Ni sawa, baba," akasema. "Andika."